Deni la Chuo Lidaiwe kwa Mshahara, Si Mlangoni mwa Ajira

Chukua tangazo lolote la kazi ya umma nchini Kenya, hata la karani wa masjala katika serikali ya kaunti, usome hadi mwisho. Baada ya masharti ya elimu na tajriba utakuta aya inayomtaka mwombaji atimize matakwa ya Sura ya Sita ya Katiba. Kwa mtu anayetafuta kazi maneno hayo yana maana moja tu: karatasi tano. Cheti cha maadili mema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai. Cheti cha ushuru kutoka Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA). Fomu ya Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi. Cheti cha Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB), cha kuonyesha kwamba hukuacha mkopo wa elimu ya juu bila kuulipa. Na cheti cha CRB, yaani mashirika yanayotunza kumbukumbu za mikopo ya watu, cha kuonyesha kwamba hakuna benki wala mkopeshaji mwingine aliyekuorodhesha kuwa mdaiwa mbaya.

Karatasi hizi huombwa pamoja na kutiwa bahasha moja, kwa hiyo tumezoea kuziona kama jambo moja. Cheti cha maadili mema kinauliza kama umewahi kupatikana na hatia. Cheti cha HELB na cha CRB, ukivichunguza, vinauliza kama una pesa. Kijana aliyemaliza chuo miaka mitatu iliyopita na hajapata kazi hana jibu ila kwamba hana, na hiyo ndiyo sababu iliyomleta kuomba kazi.

Deni la masomo lina mahali pake pa kudaiwa, napo ni kwenye mshahara, mtu akishaajiriwa. Kulitumia kumchuja mwombaji kunamdhuru yeye, na kunamdhuru hata mkopeshaji anayetaka pesa zake zirudi.

Tuanze na Katiba, kwa kuwa jina lake ndilo linalotumiwa. Sura ya Sita, kifungu cha 73 hadi cha 80, inahusu uongozi na uadilifu. Inasema mamlaka anayopewa afisa wa dola ni dhamana ya umma. Inakataza mgongano wa maslahi, inaeleza kwamba zawadi anayopewa kiongozi katika hafla rasmi ni mali ya Jamhuri, na inamkataza kuwa na akaunti ya benki nje ya nchi isipokuwa kwa mujibu wa sheria. HELB haitajwi popote. CRB nayo haimo. Na pale ambapo Katiba yenyewe imeona kwamba deni linaweza kumzuia mtu kushika wadhifa, imeweka kizingiti cha juu: kifungu cha 99 kinamzuia kugombea ubunge mtu aliyetangazwa muflisi na ambaye bado hajaondolewa hali hiyo. Kumtangaza mtu muflisi kunahitaji mahakama, ushahidi na nafasi ya kujitetea. Kumkosesha karani cheti cha CRB kunahitaji mkopo wa simu uliopita siku 90 bila kulipwa.

Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu haikuanza kuwa kali bila sababu. Mikopo hii ni ya tangu mwaka 1952, enzi za ukoloni, ilipowekwa hazina ya kuwasaidia Wakenya waliokwenda kusoma nje ya Afrika Mashariki. Katikati ya miaka ya 1970 serikali ilianza kuwakopesha pia waliosoma Nairobi, Makerere na Dar es Salaam, na hapo matatizo yakaanza. Wengi waliamini kwamba pesa zile ni zawadi ya serikali, na hapakuwa na sheria yenye meno ya kuwafuata. Ndiyo maana bunge likapitisha sheria ya mwaka 1995 iliyounda bodi tuliyonayo. Pesa zinazorudi ndizo wanazokopeshwa wanaofuata. Mtu anayepokea mshahara mnono na kukataa kulipa anamnyima mtoto wa mwenzake nafasi ya kusoma, na huyo sina neno la kumtetea.

Tatizo liko kwenye saa. Kwa mujibu wa sheria, mkopo huanza kudaiwa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Saa hiyo haiangalii kama mhitimu ameshapata kazi. Inaanza kuhesabu siku ya kuvaa joho, na mwaka ukiisha bila malipo, faini ya Sh5,000 kwa mwezi huanza kuongezwa.

Piga hesabu. Tuseme mtu alikopa jumla ya Sh200,000. Riba ya mkopo wa shahada ya kwanza ni asilimia 4 kwa mwaka, yaani Sh8,000. Hiyo ni riba ya huruma kabisa. Hakuna benki ya Nairobi itakayokupa. Lakini faini ya Sh5,000 kila mwezi ni Sh60,000 kwa mwaka, zaidi ya mara saba ya riba. Akikaa miaka mitatu bila kazi baada ya ule mwaka wa subira, faini peke yake imefika Sh180,000. Amekaribia kudaiwa mara mbili ya alichokopa, na katika muda wote huo hajawahi kushika mshahara hata mara moja. Faini ile haitofautishi kati ya aliyekataa kulipa na aliyekosa cha kulipia, na kwa kuwa ni kiasi kisichobadilika, inamuumiza zaidi aliyekopa kidogo. Aliyekopa Sh60,000 tu hutozwa sawa na aliyekopa Sh400,000.

Kukopa harusi, kulipa matanga, walisema waliotutangulia. Lakini hata matanga huwa na siku ya kuanuliwa. Mwaka 2022 Mahakama Kuu iliona hivyo, ilipoamua kwamba HELB nayo inabanwa na kanuni inayozibana benki tangu mwaka 2007: riba na faini zikijumlishwa hazipaswi kuuzidi mkopo wenyewe. Uamuzi ule ulikuwa muhimu kwa waliokuwa wakidaiwa mamia ya maelfu kwa mkopo wa zamani. Hata hivyo haukugusa saa. Faini bado zinaweza kupanda mpaka kufikia kiasi cha mkopo, na jina la mdaiwa bado linaweza kwenda CRB.

Bodi nayo mara kwa mara hutangaza msamaha wa faini, na watu hushangilia. Lakini msamaha huo kwa kawaida hupewa anayelipa deni lote kwa mkupuo mmoja. Ni nani mwenye uwezo wa kulipa kwa mkupuo? Ni aliyekwisha kupata kazi nzuri. Mhitimu anayeuza mitumba Gikomba husikia habari ya msamaha redioni, akaendelea kupanga nguo zake.

Nao mkopo wa HELB hauji peke yake. Anayejua maisha ya chuo anajua majuma yale ya kusubiri pesa ziingie, muhula umeanza, mwenye nyumba anabisha, na chakula kinanunuliwa kwa mkopo wa simu. M-Shwari ilikuja mwaka 2012, Fuliza ikafuata mwaka 2019, na katikati yake zikazuka programu nyingi za kukopesha ambazo kwa miaka mingi hazikuwa na wa kuzisimamia. Mwanafunzi aliyekopa Sh1,500 ili ale wiki mbili, kisha akapoteza laini au akasahau, anaweza kushtukia baada ya kuhitimu kwamba jina lake liko CRB. Deni la chuo limezaa deni la simu, na deni la simu ndilo linalomfungia mlango.

Inafaa tukumbuke CRB iliundwa kwa ajili ya nani. Kanuni zake zilianza kufanya kazi mwaka 2009, wakati benki zilipokuwa zikiumizwa na watu waliokopa hapa, wakakimbia, wakakopa pale. Mwanzoni benki zilipeana habari za walioshindwa kulipa tu. Tangu kanuni za mwaka 2013 zikaruhusiwa kupeana pia habari za wanaolipa vizuri, ili mkopaji mwaminifu apate riba nafuu. Ni chombo kizuri kwa kazi hiyo. Mtu aliyechelewa kulipa mikopo mitatu ana uwezekano mkubwa wa kuchelewa kulipa wa nne, na benki ina haki ya kujua. Swali la mwajiri ni tofauti kabisa. Anataka kujua kama mtu huyu atafika kazini, atafanya kazi, na hataiba.

Kisha chombo hicho kimefinywa kuwa cheti. Ripoti kamili ya CRB ina mambo mengi: mikopo mingapi, ya kiasi gani, ililipwaje, imechelewa kwa muda gani. Huko Metropol, mojawapo ya mashirika matatu yenye leseni, alama anazopewa mkopaji kwa jinsi anavyolipa hutoka 200 hadi 900, na kati ya namba hizo mbili kuna watu wa kila namna. Cheti anachopeleka mwombaji kazi hakina daraja hata moja kati ya hizo. Unacho au huna. Aliyeshindwa na mkopo wa simu na aliyekula mamilioni ya benki kwa makusudi wanasimama upande mmoja, mikono mitupu.

Nitaeleza jambo ambalo limenikaa moyoni. Miaka kadhaa iliyopita niliketi katika jopo la kuajiri msaidizi wa ghala kwenye taasisi moja ambayo sitaitaja. Tulipofika asubuhi, katibu alikuwa ameshazigawa faili mafungu mawili: zilizokamilika na zisizokamilika. Tukasoma za kwanza tu. Jioni, nikisaidia kupanga karatasi, nilifungua faili moja ya fungu la pili. Mwombaji alikuwa na shahada ya ugavi na barua mbili nzuri za waliomfundisha. Mahali pa cheti cha HELB alikuwa ameweka barua ya ukurasa mmoja, ameiandika kwa mkono. Alisema kwamba alikopa, kwamba hajaanza kulipa kwa sababu tangu ahitimu amekuwa akibeba mizigo sokoni, na kwamba akipata kazi hii anaomba akatwe kuanzia mshahara wa kwanza. Hakuna mwanajopo aliyeisoma barua ile kabla ya uamuzi, mimi nikiwemo. Kazi alipewa mwingine, mtu mwema tu, aliyekuwa na vyeti vyote vitano. Mpaka leo najiuliza ni kipi katika vyeti vile kilichotuambia nani angehesabu magunia vizuri zaidi.

Wabunge waliliona tatizo hili, na mwaka 2022 Sheria ya Ajira ikarekebishwa. Marekebisho hayo yalifanya mambo mawili mema. Kwanza, mwajiri haruhusiwi kudai vyeti hivi mpaka awe amekusudia kumpa mtu huyo mkataba. Pili, taasisi za umma zinazotoa vyeti haziruhusiwi kumtoza ada mtu anayekaribia kuajiriwa. Kabla ya hapo kijana alikuwa akitoa elfu moja hapa, elfu moja pale, kwa kazi kumi ambazo hata hataitwa usaili, na cheti cha CRB kikawa ghali kuliko vyote. Kanuni mpya za CRB za mwaka 2020 nazo zilikuwa zimekwisha kusema cheti cha mara ya kwanza kiwe bure, madeni yasiyofika Sh1,000 yasipelekwe huko, na wakopeshaji wa mtandaoni wasio na msimamizi wakazuiwa kupeleka majina.

Lakini marekebisho yale ya 2022 yana kifungu kingine ambacho hakikushangiliwa wala kulalamikiwa: mwajiri anaruhusiwa kuondoa nafasi aliyoitoa iwapo mtu atashindwa kuleta vyeti. Kwa hiyo kilichobadilika ni wakati tu. Zamani mdaiwa alikataliwa kabla ya usaili. Sasa anafanya usaili, anashinda, anapigiwa simu ya pongezi, mama anaambiwa, majirani wanaambiwa, halafu anapewa siku chache za kutafuta cheti ambacho hawezi kukipata. Sijui kama hilo halina uchungu zaidi.

Wanaoutetea utaratibu huu watasema HELB haimtaki mtu alipe deni lote ndipo apewe cheti; akianza kulipa kwa mpango waliokubaliana, hupewa. Ni kweli, na ni jambo la busara. Lakini kuanza kulipa kunahitaji pesa ya kuanzia, na anayetafuta kazi ya kwanza hukopa pesa hiyo. Kwa nani? Mara nyingi kwa simu.

Tuangalie Marekani, kwa sababu huko ndiko desturi ya mwajiri kuchungulia historia ya mikopo ya mwombaji ilikokomaa, na kwa sababu kuna uzi unaotuunganisha nako. Shirika la kwanza kupewa leseni ya CRB nchini Kenya, mwaka 2010, liliitwa CRB Africa. Leo linaitwa TransUnion, na makao makuu ya TransUnion yako Chicago. Mwaka huohuo wa 2010, mwakilishi wa TransUnion alisimama mbele ya watunga sheria wa jimbo la Oregon waliokuwa wakijadili kuwazuia waajiri kutumia ripoti hizi. Alikiri kwamba wakati huo hawakuwa na utafiti wowote unaoonyesha uhusiano kati ya yaliyomo kwenye ripoti ya mikopo ya mtu na utendaji wake kazini au uwezekano wa kufanya udanganyifu. Aliyesema hivyo si mtetezi wa wadaiwa. Ni muuzaji wa ripoti zenyewe.

Sheria ya shirikisho ya Marekani ya mwaka 1970, pamoja na marekebisho yake, inamtaka mwajiri aombe ruhusa ya mwombaji kwa maandishi kabla ya kuitazama ripoti. Akitaka kumkataa kwa sababu ya kilichomo, lazima kwanza ampe nakala, ili mtu aone na kama kuna kosa alisahihishe. Alama za mkopo mwajiri hazioni, anaona historia. Majimbo kadhaa, yakiwemo Oregon yenyewe, Washington, Illinois na California, yalikwenda mbele zaidi yakaizuia desturi hiyo kwa kazi nyingi, na Jiji la New York likafuata mwaka 2015. Yote yaliacha mwanya kwa kazi fulani, kama zile za kushika pesa.

Na huko pia deni la chuo ndilo lenye uzito. Mikopo ya wanafunzi ya serikali ya shirikisho ina wadaiwa zaidi ya milioni 40 na inapita dola trilioni 1.6. Anayechelewa siku 90 huripotiwa kwa mashirika ya mikopo; akifika siku 270 huhesabiwa ameshindwa kabisa. Kwa sababu ya korona, ulipaji ulisitishwa kuanzia Machi 2020 hadi Septemba 2023, kisha ukaongezwa mwaka wa kuwazoesha watu ambapo waliochelewa hawakuripotiwa. Ilipofika mwanzoni mwa 2025 kuripoti kukarejea, na watu kwa mamilioni wakaona alama zao zikiporomoka ndani ya miezi michache. Watu wale hawakuwa wamegeuka wezi kati ya Desemba na Machi.

Kuna kesi moja ya huko ambayo kila mwajiri angefaa kuijua, kwa kuwa haimpi ushindi rahisi mtu yeyote. Mwaka 2010 tume ya serikali inayosimamia usawa kazini iliishtaki Kaplan, kampuni ya elimu, kwa kuwakataa waombaji kazi kutokana na historia yao ya mikopo. Tume ilidai utaratibu huo uliwaumiza zaidi watu Weusi. Kaplan ilikuwa na sababu yake: baadhi ya wafanyakazi wake walikuwa wameiba malipo ya wanafunzi. Mwaka 2014 mahakama ya rufaa iliitupa kesi, na majaji hawakuacha kutaja kwamba tume yenyewe iliwapima watumishi wake kwa njia ileile iliyokuwa ikiishtakia kampuni. Kwangu mimi funzo lake ni hili: mtu anayepokea karo za wanafunzi mkononi anaweza kuulizwa maswali ambayo msaidizi wa ghala hapaswi kuulizwa.

Na kuna ushahidi unaonitatiza, nami siwezi kuupita kimya. Wanauchumi Alexander Bartik na Scott Nelson walipoyachunguza majimbo yaliyopiga marufuku ukaguzi huu, walikuta kwamba nafasi za watu Weusi kupata kazi zilipungua badala ya kuongezeka. Mwajiri aliyenyang'anywa ripoti alirudi kwenye kubahatisha, na kubahatisha kwake kulifuata ubaguzi wa zamani. Nchini kwetu jina la ukoo linaweza kufanya kazi hiyohiyo. Naamini hofu hiyo ni ya kweli. Lakini cheti chetu hakina habari ya kumsaidia mwombaji mzuri aonekane mzuri. Ripoti ya Marekani inaweza kuonyesha kwamba mtu fulani kutoka mtaa unaodharauliwa amelipa mikopo yake miaka kumi mfululizo. Cheti kinasema tu kwamba hajaanguka, na mwajiri mwenye ukabila bado analo jina mbele yake, cheti kiwepo kisiwepo.

Sasa njia nyingine. Australia ilianza mwaka 1989, na Uingereza ikafuata mwaka 1998, kufunga ulipaji wa mkopo wa chuo kwenye kipato. Mwingereza halipi kitu mpaka mshahara wake upite kiwango kilichowekwa, na akikipita hukatwa asilimia 9 ya kile kilichozidi tu, kupitia mfumo uleule unaokata kodi. Akipoteza kazi makato yanasimama yenyewe. Hakuna barua ya kuomba, hakuna faini. Na mkopo huo hauonekani kwenye ripoti yake ya mikopo. Mifumo hiyo ina malalamiko yake, ya riba na ya muda mrefu wa kulipa, lakini kosa moja haina: haimwambii mtu alipe kwanza ndipo apate cha kulipia.

Tanzania iko mahali pa katikati. Bodi yake, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, humpa mhitimu miaka miwili ya subira, na akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Makato hayo yalipopandishwa kutoka asilimia 8 mwaka 2016, walioumia walipiga kelele, na walikuwa na haki, maana walikopa kwa masharti mengine. Kisha siku ya Mei Mosi 2021, jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kufutwa kwa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, na faini ya asilimia 10 kwa wachelewaji ikaondolewa pia mwaka huo. Wahitimu waliokuwa wakiona deni linakua huku wakikatwa kila mwezi wakaanza kuona linapungua. Neno "mdaiwa sugu" bado lipo kule, na bodi bado inawasaka, lakini inawasaka hasa kupitia kwa mwajiri, yaani mahali pesa zilipo.

Na Kenya ina nyenzo hiyohiyo mkononi! Sheria ya HELB inamlazimu mwajiri kuijulisha bodi akimwajiri mtu aliyekopa, kumkata kila mwezi, na kupeleka makato. Inamwekea mwajiri adhabu akikaidi. Maelfu ya Wakenya hukatwa hivyo, na wengi hawajawahi kusikia tena habari za CRB kuhusu mkopo huo. Yaani sheria inamwambia mwajiri awe mkusanyaji wa deni, huku sheria nyingine ikimruhusu kumfukuza mdaiwa kabla hajaingia. Mkono mmoja wa serikali unatafuta mshahara wa kukata, mkono mwingine unahakikisha mshahara huo haupatikani.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu. Vijana wengi wa Kenya hawana hati ya mshahara wala hawatakuwa nayo karibuni. Wako kwenye bodaboda, kwenye vibanda, kwenye jua kali, na kati yao wamo wenye kipato kizuri kuliko karani wa kaunti. Tukisema deni lingoje mshahara, hao watalipa lini? Ni swali zito, na jibu lake litakuwa malipo madogomadogo ya simu yaliyopangwa kwa uwezo wa mtu, pengine kama Tanzania inavyomtaka aliyejiajiri alipe asilimia 10 ya kipato au angalau Sh100,000 za Tanzania kwa mwezi. Lakini tazama cheti kinamfikia nani. Mwendesha bodaboda haombwi cheti cha HELB na abiria. Mama wa kibanda haombwi cheti cha CRB na mteja wa chapati. Cheti hakimgusi mdaiwa aliyebaki kwenye uchumi usioandikwa. Kinamgusa siku anapojaribu kutoka huko na kuingia kwenye kazi yenye mkataba, kodi na makato. Yule anayekaribia kuwa mlipaji wa uhakika ndiye anayerudishwa nyuma.

Kwa hiyo ningependa kifungu kile cha 2022 kirekebishwe tena. Hali ya mkopo wa masomo isiwe sababu ya kuondoa nafasi ya kazi iliyokwisha kutolewa. Badala ya cheti, mfanyakazi mpya aandike namba yake ya HELB siku anayotia saini mkataba, na mwajiri aiarifu bodi, kama sheria inavyomtaka tayari. CRB ibaki kwa kazi za kushika fedha za watu, na hata huko iwe ripoti kamili, mwombaji apewe nakala na nafasi ya kueleza kilichotokea, kama yule kijana wa ghala alivyojaribu kueleza. Na faini ya Sh5,000 isimame kwa mwezi wowote ambao KRA haikuona mshahara wala biashara yenye jina lake. Bodi imeshirikiana na KRA kuwatafuta wenye mishahara wanaojificha. Ushirikiano huohuo unaweza kuwatambua wasio nayo.

Payslipu ya mfanyakazi wa Kenya siku hizi ni ndefu: kodi ya mapato, NSSF, bima ya afya ya SHA, ushuru wa nyumba. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inahakikisha makato yote hayapiti theluthi mbili za mshahara. Chini ya ushuru wa nyumba, kwa wale waliokopa, kuna mstari mwingine unaosema HELB. Kijana yule wa ghala aliuomba mstari huo kwa mwandiko wake mwenyewe.